Pembe ya Mkate

24 Januari

Mwanangu mpenzi,

Hujambo huko? Sisi hatujambo, isipokuwa goti langu la kushoto, na hilo usilihesabu, lina tabia zake.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu siwezi kusema kweli. Wanao wote wawili huning'inia begani nikiongea nawe. Kweli yenyewe ni hii: mikebe ya chakula cha shule imenishinda. Nimelea watoto watano, nimeshona sare za watoto wa watu miaka thelathini, na leo nashindwa na mkate. Mkubwa hataki vitu vigusane. Yai likigusa karoti, basi yai hilo ni marehemu. Huyo nimemmudu, namfungia kila kitu na karatasi yake. Shida ni Mdogo. Mkebe wake unarudi saa tisa kama ulivyotoka. Nikimuuliza ananiambia, "Nilishiba, Bibi." Alishiba nini, hewa? Nyumbani jioni anakula vizuri tu. Shuleni, hapana, na ni hivyo tangu siku uliyoondoka.

Niandikie ulikuwa unamtilia nini.

Mama yako


3 Februari

Shikamoo Mama,

Pole na goti, na pole zaidi na hao wawili. Mimi ni mzima, ila nasimama kutwa mpaka viatu vinanibana ikifika jioni. Hapa jikoni hospitalini tunapakua sinia mia mbili na arobaini kila mlo, na kila sinia lina kadi: huyu asiwekewe chumvi, huyu asagiwe, huyu hagusi kitu cha kijani. Wagonjwa wananisifu kwamba najua mtu anataka nini. Nasema asante, naenda stoo nalia kidogo, narudi kupakua.

Kadi ya Mdogo ni hii. Slesi mbili za mkate, siagi ifike mpaka ukingoni. Zibandikwe pamoja, zikatwe pembe kwa pembe, zitoke pembetatu mbili. Chungwa limenywe na nyuzi nyeupe zitolewe zote. Maji yasiwe baridi. Nimekumbuka kila kitu, Mama, hakuna kingine.

Jambo moja. Miezi mitatu ya majaribio inaisha mwisho wa Machi, na mpishi mkuu anataka nitie sahihi mkataba wa miaka miwili. Nikijua watoto wanakula, nitaweza kukaa. Nikijua hawali, sijui.

Mwanao


27 Februari

Mwanangu,

Salamu nyingi, na samahani kwa kukawia. Sikutaka kuandika nikiwa sina la kusema.

Kadi yako nimeifuata kama dawa ya daktari. Nyuzi za chungwa nimezitoa kwa sindano, miwani puani, saa kumi na moja alfajiri. Mkebe ukarudi umejaa. Wiki iliyopita mwalimu aliniita. Mtoto anasinzia darasani, na wenzake wakicheza yeye anakaa ukutani. Nilikalishwa kwenye kiti cha watoto, magoti yakanifika kidevuni, nikaulizwa kama nyumbani kuna chakula. Nilichoka mwanangu, nilichoka kweli.

Jana nilikuwa nafunga mkebe, Mkubwa akaniambia huku anavaa soksi, "Bibi, wewe huuanzi."

Nikamuuliza, siuanzi nini?

"Mkate. Mama anauanza kwanza. Anang'ata pembe moja, ndipo anafunga. Mdogo anasema mkate ambao haujaanzwa ni wa mtu mwingine."

Mbona hukuliandika hilo kwenye kadi?

Mama yako


5 Machi

Shikamoo Mama,

Barua yako nimeisoma nimeegemea sinki, nikairudia.

Sikuliandika kwa sababu sikujua kama ni kitu. Mama, ile haikuwa mapenzi. Ilikuwa njaa. Asubuhi nilikuwa nawavalisha, nawasuka, natafuta kiatu cha pili, na gari la kazini halingoji mtu. Ile pembe ndiyo ilikuwa kifungua kinywa changu. Nilikuwa namwibia mwanangu mkate, naye akadhani namwachia alama. Naona aibu, na sijui kwa nini naona aibu.

Ung'ate wewe, tafadhali. Mpishi mkuu ameuliza tena.

Mwanao


22 Machi

Mwanangu mpenzi,

Natumai miguu imepata nafuu. Goti langu linakusalimu.

Niliung'ata. Mdogo akafungua mkebe palepale mezani, akaukagua kama karani. "Haya si meno ya mama," akasema. Nikamwambia kweli: ni yangu, na matatu ya mbele nimenunua. Nikayatoa akayaona. Alicheka mpaka akakaa chini. Ni siku nyingi sijamsikia akicheka hivyo.

Basi tukapatana, mimi na mke mwenzangu huyu. Pembetatu moja naing'ata mimi, nyingine naiacha nzima. Siku ya kwanza alikula yangu tu. Siku ya pili akala zote, ila ile ya pili aliibakiza pembe. "Hiyo ya mama," akaniambia. Tangu hapo mkebe unarudi mtupu, una pembe moja tu ya mkate. Mwalimu anasema anacheza, na juzi alimsukuma mtu.

Kwa hiyo mtoto anakula. Unaweza kutia sahihi. Nimeiandika sentensi hiyo kwa sababu uliniomba kweli, na baada ya kuiandika nimekaa kwanza nikanywa maji.

Zile pembe nimeshindwa kuzitupa. Naziweka kwenye kopo langu la vifungo. Zimekauka zimekuwa ngumu, na ziko nane.

Mama yako anayekupenda


30 Machi

Shikamoo Mama,

Sisi huku wazima, yaani mimi na viatu.

Mpishi mkuu alinipa karatasi na kalamu, nikamrudishia vyote viwili. Nilikuwa nimeazimia kutia sahihi, Mama. Mtoto anakula, ndivyo nilivyojiambia njia nzima mpaka ofisini kwake. Lakini pembe nane. Nimechoka kujua watu mia mbili na arobaini wanakula nini. Kazi nitatafuta nikiwa hapo, na kama sitaipata tutagombana vizuri, wewe na mimi, jikoni kwako.

Nafika Jumapili. Usiwaambie, nisije nikachelewa wakalala mlangoni.

Jumatatu asubuhi siagi paka wewe, mkate kata wewe, ila usiuanze. Niachie.

Mwanao mwenye njaa