Kura Zangu Nyingi na Kiti Chako, Baba

Hallonbergen, Stockholm

Baba yangu mpendwa,

Pokea salamu za binti yako Faida kutoka huku kwenye baridi. Goti lako linaendeleaje? Dada Riziki kaniambia umeanza tena kuranda mbao, nikacheka peke yangu. Huyo ndiye baba yangu: daktari akisema pumzika, yeye anatafuta randa. Sisi hatujambo. Mjukuu wako Sifa amepona kikohozi. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiswidi, mpaka nijifanye sisikii ndipo anaikumbuka lugha ya babu yake.

Nakuandikia nikiwa chumba cha kufulia cha jengo letu, mashine inazunguka mbele yangu. Sikutaka kukutumia sauti kwa simu, maana simu yako inasikilizwa na ua mzima. Hii isome peke yako. Mwisho wake nina ombi, na ombi lenyewe linamhusu mdogo wako, Baba mdogo Elia. Najua hapo tayari umekunja uso. Vumilia kidogo, Baba, nisikilize mpaka mwisho.

Unakumbuka siku ile uliponiuliza, "Wewe uko Ulaya, nieleze. Inakuwaje Amerika mtu apate kura nyingi halafu akose urais?" Nikakwambia sijui. Sasa najua, maana yamenikuta mimi mwenyewe.

Huku tuna chama chetu cha Waswahili: Wakongo, Warundi, Waganda, na wengine wachache. Mtu akifiwa au akijifungua, ndicho kinachosimama naye. Mwaka huu niligombea uenyekiti, na Mama Zawadi, Mrundi anayekaa Jordbro, naye akagombea. Watu wa Jordbro wakalalamika kwamba sisi wa Hallonbergen tuko wengi, kila mwaka tunawameza. Ndipo Kaka Safari, aliyeishi Amerika kabla ya kuja huku, akasimama na kusema dawa anayo. Huko, akasema, kila jimbo lina idadi yake ya wajumbe wanaomchagua rais, na karibu majimbo yote, ukishinda hata kwa kura moja unachukua wajumbe wote wa pale. Jimbo dogo halimezwi. Basi tukagawana: Hallonbergen alama tatu, Sundbyberg mjini mbili, Jordbro mbili, na anayeshinda mtaa anachukua alama zake zote. Nilipiga makofi kuliko wote. Nilijua nitashinda kwa njia yoyote ile. Ujinga mtupu!

Lakini Baba, utaratibu ule una wema wake, sitaudhulumu. Bila hizo alama mbili nisingefika Jordbro hata siku moja. Nilipanda treni na sufuria ya sombe ya majani ya muhogo mapajani, nikabisha hodi mlango mmoja baada ya mwingine. Mlango wa mwisho akafungua bibi mmoja Mkongo wa Fizi, Bibi Feza. Jina lake huwa tunalisoma kwenye orodha ya chama kila mkutano, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukaa sebuleni kwake. Alinitazama mimi, akaitazama sufuria, akasema, "Miaka yote mnasema Jordbro ni mbali. Kumbe ni mbali mpaka mtake kura?" Niliona aibu, Baba. Tulikula pamoja, akanisimulia habari za watoto wake, akanishika mkono mpaka mlangoni. Nilirudi nikilia kwenye treni, na watu wa huku hawajui kumtazama mtu anayelia, wanatazama dirisha.

Ubaya wake nao niliuona. Hapa Hallonbergen hakuna aliyehangaika napo, wala mimi wala Mama Zawadi, kwa kuwa ilijulikana ni kwangu. Wote wawili siku zetu ziliishia Sundbyberg mjini, tukigongana milangoni. Jirani yangu wa chini, aliyempenda Mama Zawadi, akaniambia kura yake hapa ni sawa na kumwaga maji ziwani. Nikamcheka. Sikujua zamu ya kuchekwa ni yangu.

Siku ya uchaguzi tulikusanyika kwenye ukumbi wa kanisa. Hallonbergen karibu wote walinipa mimi. Sundbyberg nikashindwa kwa kura moja. Jordbro nikashindwa kwa kura mbili. Ukihesabu vichwa, nimemshinda Mama Zawadi mbali sana. Ukihesabu alama, yeye nne, mimi tatu. Sifa akapiga kelele kwa Kiswidi kwamba hiyo si haki, na safari hii sikumwambia aseme Kiswahili.

Basi ukumbi ukawaka. Watu wangu wakavaa makoti. "Twende, Mama Sifa! Tuanzishe chama chetu!" Wengine wakaanza kubeba sufuria zao, bugali na ndagala bado vya moto. Na mimi, sikufichi, mdomo ulikuwa umeshafunguka kusema twendeni. Nilikuwa na hasira, tena hasira ya haki. Kura nyingi ni zangu!

Hapo nikakuona wewe. Nilikuona ukitoka kanisani na kile kiti ulichokichonga mwenyewe, umekibeba kichwani mbele ya watu wote, siku Baba mdogo alipochaguliwa mzee wa kanisa badala yako. Ulisema vijana wa kwaya hawakustahili kupiga kura. Labda ulikuwa na haki, Baba. Sijawahi kukwambia hivyo, leo nakwambia: labda ulikuwa na haki. Lakini nilikuwa mtoto nikikufuata nyuma, na tangu siku ile sijakula tena nyumbani kwa Baba mdogo. Mama tulipomzika, ninyi ndugu wawili mlisimama pande mbili za kaburi. Mimi niliumia kwa hilo karibu sawa na kifo chenyewe.

Kaka Safari alikuwa ametuambia pia kwamba Amerika wana desturi, haijaandikwa kwenye sheria: aliyeshindwa humpigia simu aliyeshinda, humpongeza. Kuna wakati hata wao imewashinda, na ikishindikana nchi nzima inatetemeka. Nikajiuliza chama chetu kidogo kitatetemeka vipi, na Bibi Feza atatembelewa na nani. Nikavuka ukumbi. Nikamkumbatia Mama Zawadi, nikawaambia watu wangu, "Sheria hii tuliipigia makofi sote, mimi wa kwanza. Vueni makoti, chakula kinapoa." Mama Zawadi alilia kuliko mimi. Mwakani tutahesabu vichwa tu, tumekubaliana, lakini kila mgombea lazima kwanza afike kila mtaa na kukaa sebuleni kwa watu. Kwa Bibi Feza sasa naenda kila Jumamosi.

Wewe ndiye uliyenifundisha, tulipokuwa tukicheza bao nami nikilia: asiyekubali kushindwa si mshindani. Nilikuwa mdogo, nikakuamini. Bado nakuamini.

Mashine imesimama, jirani ameshafika na kapu lake na zamu yangu imekwisha, basi nimalize. Msalimie shangazi anayekupikia, mwambie sombe yangu bado haifikii yake. Msalimie Dada Riziki na wanawe, na mchungaji. Baba mdogo sitakutuma umsalimie. Ndani ya bahasha hii kuna bahasha ndogo yenye jina lake, nimeifunga. Usimpe mtoto aipeleke, wala Riziki. Ipeleke wewe, kwa mkono wako, pole pole na hilo goti. Atakukaribisha ukae, namjua. Na ukiona haya kukalia kiti chake, Baba, beba chako.

Mimi binti yako akupendaye,
Faida