Siku Udongo Ulitetemeka Munigi

Mujukuu wangu Furaha,

Salamu toka Katoyi. Sisi wazima, na dada yako amezaa mutoto mwanaume.

Uliuliza kama sahihi ya inchi masikini kwenye mukataba inaweza kuzuia majaribio ya bomu za atomiki. Wakati wa Zaïre, mimi musichana wa Munigi, radio ilisema wajumbe wetu, pamoja na wa inchi zingine, wanaomba inchi kubwa ziache kuzipasua chini ya udongo. Palepale udongo ukatetemeka. Tulikimbia inje, nikamuuliza baba:

“Papa, wamepasua?”

“Hapana, ni mulima wa moto. Huu hakuna mwenye kuuomba. Ile bomu ni mutu anapasua, na mutu anaombwa.”

Udongo ukitetemeka, hata leo ninaogopa. Lakini ninaogopa zaidi mutu anayeombwa, anasikia, na anapasua tu.

Koko wako