Sehemu ya Tatu Ambayo Sikuitafsiri

Kwa Kogo, juu ya kituo cha majani,
S.L.P. 63,
Kiptere.

14 Oktoba 2025

Mpendwa Senge Cherotich, shangazi yangu,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Hali yako na joto la Mombasa? Ule mguu ulioumia Agosti umepona, ama bado unachechemea ukienda ofisini? Sisi tuko, Mungu ametuweka. Mama yako, Kogo, ana kikohozi kidogo lakini bado anatushinda sote kuchuma. Mdogo wangu Kipkemoi ameng'oka meno mawili ya mbele na hajaacha kujaribu kupiga mluzi.

Mvua ya mawe ilipiga majani ya chai ya upande wa mto wiki jana. Ng'ombe amezaa, ni dume tena. Baba bado yuko kazini Sigor, tunamngoja mwisho wa mwezi.

Sasa habari nzuri zimeisha. Nimeanza barua hii mara tatu. Kukupigia singeweza, kwa sababu unajua simu ni ya Kogo, na yeye huweka spika mpaka majirani wanajibu. Hii nitampa Moureen wa dukani, anarudi huko Ijumaa.

Senge, nimedanganya akina mama thelathini na wawili.

Jumapili baada ya kanisa kulikuwa na mkutano wa kikundi cha akina Kogo, kile cha kuweka pamoja sehemu ya bonasi ya majani kila mwaka. Mwaka huu waliita mshauri wa fedha mwenye ofisi Litein, anaitwa Bwana Sagini. Yeye ni Mkisii, Kipsigis hajui hata salamu, na nusu ya akina mama Kiswahili chao ni cha kuuza maziwa tu. Mama Vinny, ambaye ndiye mwenyekiti, akaangalia huku na huku, akasema, "Si Chepkurui yuko? Huyo ako Kidato cha Tatu, atatutafsiria."

Unajua vile mimi niko. Darasani hata nikiwa na jibu nanyamaza. Nilisimama kando ya huyo mtu nikiangalia viatu vyake.

Alianza kwa kueleza yeye ni nani, polepole, bila kujisifu. Alifanya kazi benki kwenye kaunta miaka minne, halafu bima miaka mitatu. Hayo nilitafsiri sawa. Kisha akasema mtihani wa washauri, kule aliposomea, una sehemu tatu, amepita mbili, na ya tatu ataifanya Desemba. Mpaka aipite hana leseni yake mwenyewe. Yuko chini ya mkubwa wake, na kila anachowashauri watu lazima huyo mkubwa asome na kutia sahihi.

Hapo nikakwama. Sauti yangu ilikuwa imeisha tangu nilipofika kwenye bima. Mama mmoja akaita kutoka nyuma, "Wewe msichana, unaongea na sisi ama na kifua chako?" Wakacheka wote. Kogo pia alicheka. Mimi nilitaka tu kukaa chini. Nikasema kwa Kipsigis, haraka haraka, "Amesoma yote, amepita, ana karatasi ya serikali." Nikakaa.

Wakapiga makofi. Bwana Sagini akatabasamu, akafikiri wamefurahia ukweli wake.

Kama ningekuwa sijui ningejisamehe. Lakini ni wewe ulirudi nyumbani ile Krismasi baada ya kuanguka sehemu ya tatu ya mtihani wako wa mambo ya pesa, ukalala siku mbili bila kula. Halafu ukanieleza, tukikamua, kwamba hiyo sehemu ndiyo humfundisha mtu kuona mahali pesa ya wengine inaweza kupotelea. Nilijua vizuri kile ambacho Bwana Sagini bado hana.

Na kuna mbaya zaidi. Mama mmoja alitaka kwanza waende Litein waone hiyo ofisi. Mama Vinny akamjibu, "Ya nini? Mtoto wa kwa Cherotich amesema ana karatasi. Hao watu wanajua karatasi." Kwa hivyo ni jina lako lilitia muhuri uongo wangu. Wamekubaliana Jumamosi waweke bonasi yote ya kikundi kwake, badala ya kungoja mikutano miwili kama kawaida yao. Kogo anataka kuongeza hata ile pesa yake ya kujenga jikoni.

Tangu hapo sikai mahali pamoja. Naenda kuchota maji, nafika mtoni bila ndoo. Mwalimu ameniuliza kama ni malaria.

Nilichukua kalamu ili nikuombe umpigie Kogo, umwambie umesikia huko kwamba huyo mtu hajamaliza mtihani. Usiseme ni mimi.

Alhamisi jioni.

Senge, usipige. Nimeacha hiyo sentensi hapo juu ili uone vile nilikuwa.

Leo lori la majani lilichelewa. Akina mama walikuwa wamekaa kituoni karibu na vikapu vyao, na mimi nimeleta cha Kogo. Mama Vinny akaniona. "Mtafsiri wetu! Jumamosi unywe yai bichi upate sauti!" Wakacheka. Kogo naye akawaambia, kwa maringo, "Huyu atasomea mambo ya pesa kama Senge wake."

Hiyo ndiyo ilinishinda.

"Hajamaliza," nikasema.

"Nani hajamaliza?"

"Bwana Sagini. Imebaki sehemu ya tatu, na leseni hana. Alisema mwenyewe. Ni mimi sikusema."

Hata karani wa kituo aliacha kupima majani.

"Ngoja," Mama Vinny akasema. "Mtu alituambia ukweli, na wewe ukamwongezea?"

"Nilimwongezea."

"Ai! Maskini mtoto wa wenyewe. Na vile tulimpigia makofi!"

Mmoja akasema basi asije Jumamosi. Kogo aliniuliza tu kwa nini, nikamwambia, "Mlinicheka." Akaangalia barabara mpaka lori likatokea kwenye kona. Ndipo akasema, "Aje. Mtu anayesema mbele ya watu kwamba hajamaliza, huyo nataka kumsikia. Lakini aje na mkubwa wake, na leseni tuione. Pesa itangoja. Na huyu atatafsiri tena."

"Kogo, siwezi."

"Utaweza. Akikohoa, na wewe ukohoe."

Kufika nyumbani Kogo alienda kwa kuku moja kwa moja. Nimeoga, nimerudi chumbani, nimepata yai bichi juu ya vitabu vyangu.

Nisamehe kwa jina lako. Hilo ndilo nilitaka kusema tangu mwanzo, lakini nilizunguka sana.

Kogo anakusalimu, ingawa hajui nakuandikia. Kipkemoi anasema umletee filimbi, mluzi umekataa. Nisalimie watoto na majirani zako wa hapo. Mungu akushike mkono barabarani na kazini, na mguu huo upone kabisa.

Mkutano ni Jumamosi saa nane. Barua ikikufikia mapema, niombee sauti.

Ni mimi ninayekupenda, na ambaye bado sijalinywa hilo yai,

Chepkurui