Mbuzi wa Klabu Ameshinda

Kathonzweni, Jumamosi

Dada Mwikali,

U mzima huko Nuu? Hili sijawahi kumwambia mtu. Darasani sauti hunikwama, lakini kila jioni humsomea hadithi mbuzi wa Klabu ya Wakulima Vijana, yule tunayemwita Profesa kwa sababu ya ndevu zake. Hunisikiliza huku akitafuna.

Tumemleta hapa kwenye mashindano ya klabu za shule. Jua ni kali, na vumbi linaingia hadi kwenye chai. Muhula mzima nimemlisha majani ya kunde, na leo mwamuzi amesema hajaona mbuzi mnono kama huyu. Tukashinda! Nilikuwa bado narukaruka Mutuku, mwenyekiti wetu, alipopaza sauti: “Mwalimu, si ulisema tukishinda tunachoma?”

“Nilisema,” mwalimu akacheka. “Tafuteni kuni.”

Mimi nilidhani ulikuwa mzaha. Nilifungua mdomo nimtetee Profesa, neno halikutoka.

“Ndanu, usilie, tutakuwekea ini!” Mutuku akasema, na wote wakaangua kicheko.

Dada, ningemlisha kidogo tu, tungerudi naye. Sijui nitalitazamaje lile zizi. Wewe ungesema kitu, ndiyo maana nakuandikia wewe. Mkumbatie Mama kwa niaba yangu, nawe usilale bila kula. Nawapenda sana.

Mwalimu aliuliza nani atamshika mbuzi. Niliinua mkono, kwa kuwa amenizoea mimi. Nilimshika kichwa mpaka akatulia.

Mdogo wako,
Ndanu