Namba Ilisema Dar es Salaam

Alhamisi, Mbulu. Ukungu umekaa mjini tangu asubuhi, na sasa ni saa kumi jioni haujaamua kuondoka. Nimevaa masweta mawili. Mwili umechoka kwa safari ya kwenda Tumati na kurudi, lakini moyo umetulia kuliko jana.

Nimemkosea mtu. Naanza na hilo nisije nikalizunguka.

Wanaonisoma hapa wanajua kwamba nilifundisha jiografia miaka mingi, na kwamba baada ya kustaafu nilichaguliwa mwenyekiti wa bodi ya shule moja ya sekondari huko Tumati. Wiki tatu zilizopita mkuu wa shule hiyo alipata barua pepe isiyo na jina, nami nikapata nakala. Ilisema wanafunzi wa kidato cha pili wanatolewa darasani kwenda kupalilia vitunguu swaumu vya mkuu. Siku ya pili mkuu akaja nyumbani kwangu, simu mkononi.

"Mzee, wewe hizi kompyuta unazijua. Huyu mtu hawezi kupatikana?"

Ningeweza kumwambia kwamba tuanze kwa kuuliza kama jambo lenyewe ni kweli. Sikumwambia. Nilifurahi kuulizwa. Nikavuta kiti, nikafungua kompyuta, nikaanza kufundisha.

Nilimweleza hivi. Barua pepe ina bahasha yake, ila huwa imefichwa, mpaka uombe kuonyeshwa. Zamani barua ya posta ilipigwa muhuri kila kituo ilipopita. Barua pepe nayo hupigwa muhuri na kila kompyuta inayoipokea. Mihuri hiyo husomwa kutoka chini kwenda juu, kwa kuwa wa chini ndio wa kwanza. Huduma nyingi kubwa siku hizi hazionyeshi namba ya mtumaji, lakini hii ilitumwa kwa huduma ndogo isiyoficha. Pale chini kabisa palikuwa na anwani ya intaneti: namba nne zilizotenganishwa kwa nukta. Nikaiingiza namba ile kwenye tovuti inayotafuta mahali.

"Dar es Salaam," nikasema.

Mkuu aliweka simu yake mezani. "Siku ile Mwalimu Bura alikuwa Dar. Alimpeleka mke wake kutibiwa macho."

Nikaitikia kwa kichwa taratibu, kama daktari aliyeshaujua ugonjwa.

Mwalimu Bura anafundisha kemia. Niliwahi kumfundisha mwenyewe, akiwa kijana mwenye mwandiko mbaya na hesabu nzuri. Sasa ana miaka hamsini na saba. Kwenye kikao cha walimu mkuu hakumtaja jina. Alisema tu kwamba mwenyekiti wa bodi amethibitisha kitaalamu kuwa barua ilitoka Dar es Salaam, na vichwa vyote vikageukia kiti kimoja. Tangu siku hiyo akiingia ofisi ya walimu, maongezi yanakatika. Wiki iliyopita aliandika barua ya kuomba uhamisho. Mtu ambaye shamba lake, ng'ombe wake na makaburi ya wazazi wake viko mwendo wa nusu saa kutoka shuleni anaomba apelekwe mahali popote.

Habari hiyo ilinifikia, nikasikitika. Lakini sikujishuku.

Jana nilianza kutumia simu mpya. Nilipoingia kwenye barua pepe yangu, likaja onyo: kuna mtu amefungua akaunti yako akiwa Dar es Salaam. Nilishtuka. Nikamwambia mke wangu, aliyekuwa anachambua maharage, kwamba kuna mwizi Dar anasoma barua zangu.

"Amezifungua saa ngapi?"

"Dakika tano zilizopita."

"Dakika tano zilizopita si ni wewe ulikuwa unahangaika na hiyo simu?"

Nikakaa.

Mwizi ni mimi. Niko Mbulu, kwenye kiti changu, na intaneti inaapa kwamba niko Dar es Salaam.

Nikampigia mpwa wangu, muuguzi kule Gehandu, nikamwelekeza aingize anwani ya intaneti ya simu yake kwenye tovuti ile. Ng'ombe walikuwa wanalia nyuma yake, na tovuti inasema yeye pia yuko Dar es Salaam. Ndipo nikatafuta na kusoma nilichopaswa kusoma kabla ya kufungua mdomo. Kampuni ya simu haimpi kila mteja namba ya intaneti ya peke yake. Watu wengi hutumia namba moja kwa pamoja, na tovuti zile mara nyingi huiweka namba hiyo pale ilipo mitambo mikuu ya kampuni, si pale alipo mwenye simu. Barua ile ingeweza kuandikwa Dar, au Tumati kwenyewe, chini ya dirisha la mkuu.

Leo asubuhi nimekwenda. Nimemkuta Bura maabara, anaosha vyombo vya majaribio. Ameniona, amefuta mikono.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Bura."

Hajanikaribisha kiti. Nimemweleza yote, mihuri, namba, simu yangu, mpaka ng'ombe wa Gehandu. Amenisikiliza hadi mwisho, kama alivyokuwa anasikiliza darasani.

"Mwalimu, barua ile unayo?"

Nimefungua simu.

"Nisomee neno la kwanza."

Nimesoma. *Shikamoo Mkuu.*

"Wewe umesoma namba zote, neno la kwanza ukaliruka. Leo nina hasira na wewe, na bado nimekuamkia, kwa sababu umenizidi umri. Yule mkuu wenu ana miaka thelathini na sita. Kila asubuhi yeye ndiye ananipa shikamoo. Tangu lini mimi nimwamkie mtoto, tena kwa maandishi?"

Neno lile nililiona wiki tatu zilizopita na macho yakapita juu yake, kwa kuwa mimi kila mtu ananiamkia.

Nimemwomba radhi. Amesema ya hapa maabara ni yake na yangu, ameyapokea. "Lakini mimi nilivuliwa nguo kikaoni. Njoo kikaoni. Na usije na namba zako, Mwalimu. Sema umekosea, ukae chini."

Kutoka hapo nimekwenda ofisi ya mkuu. Amekuna kidevu.

"Sasa mzee, tukisema tumekosea si tutaonekana hatujui kazi?"

"Atakayeonekana ni mimi."

Amekubali nizungumze kwenye kikao cha Jumatatu. Barua ya uhamisho bado iko mezani kwake, hajaipeleka wilayani, na ameahidi itabaki hapo mpaka Bura mwenyewe aseme. Nimemwambia pia kwamba suala la vitunguu litakuwa kwenye ajenda ya bodi. Ametazama dirishani. Hilo ni la siku yake.

Nani aliandika? Sijui, na sitatafuta tena. Hata shikamoo ile si ushahidi wa kumkamata mtu. Inatosha tu kunionyesha nilivyokuwa na haraka.

Tangu nirudi nimekuwa nikiandika nitakachosema Jumatatu. Nilijaza ukurasa mzima: bahasha, mihuri, mitambo ya simu. Nimeufuta. Yamebaki maneno haya: "Niliyesema barua ilitoka Dar es Salaam ni mimi. Nilikosea. Mwalimu Bura, nisamehe."

Nimeyasoma kwa sauti, yanamalizika kabla maji hayajashuka kooni. Walimu watanitazama wakisubiri maelezo, na mimi maelezo ninayo tele.

Je, nitaweza kukaa chini?