Mguu wa Jaswinder

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Wiki ya tatu ya usimamizi. Miaka ishirini nimeendesha basi huku nikiandika dhidi ya wasimamizi — vikaratasi, makala, hotuba za chama cha wafanyakazi. Leo nimevaa fulana yao ya njano. Haya, Ghalia, tuone!

Alkesh, meneja wa gereji, kanikabidhi faili. Jaswinder, mzaliwa wa Kisumu, dereva wa basi miaka ishirini na miwili. Mwezi wa Agosti, kule mtaa wa Tottenham, mtu alijitosa barabarani mbele yake. Akafunga breki. Gurudumu likasimama shibiri moja kutoka kichwani. Mtu akainuka, akatukana, akaenda zake. Hakuumia hata kucha. Tangu siku hiyo Jaswinder hawezi kulitoa basi getini.

Kila asubuhi anakuja, tai shingoni, kilemba kimenyooka. Anapanda basi la akiba lililoegeshwa nyuma ya yadi, anakaa kwenye usukani. Basi halisogei.

Kikao ni Ijumaa saa nne asubuhi. Nisipoandika kwamba anaweza kuendesha, kazi hana. Sahihi yangu!

Jumanne, 7 Oktoba

Nimempa hotuba. Dakika ishirini, nimesimama mlangoni mwa basi: haki zake, sheria, makampuni yanavyomkamua mtu kisha yakamtupa. Nilikuwa mkali. Nilikuwa mzuri, wallahi. Nikamwambia Ijumaa nitawasha moto mle ndani.

Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha, kwa Kiswahili chake cha Kisumu: "Dada Ghalia, unaongea vizuri sana. Lakini haki yangu naijua. Ni huu mguu ndio haunisikii."

Mguu wa kulia. Umekanyaga breki na hautoki. Aliutazama kama mtu anavyomtazama mwanawe aliyemkosea adabu mbele ya wageni.

Nikashuka. Sina makala ya mguu.

Jumatano, 8 Oktoba

Nancy ni mkufunzi wa madereva, mtu wa Nakuru. Maneno yake ya siku nzima yanaenea nyuma ya tiketi moja. Leo hakumuuliza Jaswinder kitu. Alipanda kwa mlango wa mbele, akagusisha kadi ya nauli kwenye mashine — kwenye basi lililoegeshwa! "Habari ya asubuhi, dereva." Akakaa kiti cha nne, akatoa sindano zake, akafuma. Nusu saa. Kisha akabonyeza kengele.

Jaswinder akacheka! Akafungua mlango wa kati. "Asante, dereva." Nancy akashuka, akazunguka mbele, akapanda tena. Mara sita. Mara ya tano Jaswinder akaanza kumtania: "Mama, wewe huna kwenu?"

"Niko nako. Ni hii basi haiendi."

Nilimfuata Nancy kantini. Vitabu vya usimamizi nimesoma rafu nzima, ili nivitukane. Kitu hiki hakimo. Nikamuuliza kaitoa wapi njia hii. Akapuliza chai yake. Kasema mwaka 2009 na yeye alikaa vile vile miezi mitano, na hakuna aliyepanda.

2009! Mwaka huo niliandika kikaratasi juu ya madereva "waliokimbilia kazi laini za ofisini". Jina sikulitaja, lakini gereji nzima ilijua ni nani. Nikamwambia ni mimi niliyeandika. Kasema anakumbuka. Akanisogezea sukari.

Alhamisi, 9 Oktoba

Limesogea!

Kutoka maegesho mpaka mashine ya kuoshea mabasi. Hatua thelathini, labda. Na mafundi wote wakainamisha vichwa kwenye injini zao, makusudi, asijione anatazamwa. Watu wale wale wasiokubaliana hata juu ya kufungua dirisha! Hakuna aliyewapanga. Nilisimama, nimeshika ufagio sijui wa nani. Subhanallah. Miaka yote hii nimewaandikia watu hawa namna ya kushikamana.

Nikaenda kwa Alkesh: nipe wiki mbili. Kasema ameshaongeza muda mara mbili, na wakubwa zake wanampigia simu kila siku. Hakusema kwa ubaya. Nilitaka aseme kwa ubaya. "Atoke getini kabla ya saa nne kesho, Ghalia, au niandikie hawezi."

Ijumaa, 10 Oktoba

Naandika ndani ya basi, daftari gotini.

Saa nne kasoro ishirini Nancy kaniita. "Panda. Na leo usihutubie." Nikagusisha kadi.

"Habari ya asubuhi, dereva."

"Njema, dada. Unaenda wapi?"

Nikasema Stratford.

Tumepita mashine ya kuoshea. Tumepita pampu. Getini tumesimama.

Saa nne kasoro tano. Taa ya kushoto inawaka, inazima, inawaka. Magari yanapita. Nafasi — imepita. Nancy anafuma.

Saa nne kamili. Nimeuuma ulimi kweli kweli.

Saa nne na dakika tatu. Basi jingine linarudi kutoka barabarani, linaingia. Dereva wake kainua mkono, ile salamu yetu ya madereva. Tangu Agosti Jaswinder haiitikii. Mkono wake umeachia usukani — umepanda!

Alkesh katoka ofisini, faili kwapani. Anakuja mbio mbio, anapapasa mfuko wa koti. Anatafuta kalamu nisaini? Au kadi ya kupandia?

Kafika. Jaswinder kamfungulia mlango, na injini hajaizima —