Mama Anakuja na Ndege

Uwanja wa ndege, Songwe

Mdogo wangu Adolfu,

Barua hii atakupa Mama ukimpokea hapo Dar. Ningekupigia simu, lakini ungenigombeza mpaka nipande ndege.

Sumbawanga hawajambo wote. Mahindi tumeshavuna, ulezi bado tunauanika, na upepo umeezua banda la kuku. Kwenye kiroba kuna unga wa ulezi, umpikie Mama uji mwepesi.

Tiketi mbili ulizotuma tulizipata. Yangu itapotea bure, unisamehe. Tangu asubuhi situlii, mara chooni, mara dirishani. Nilipoiona ndege ikitua, nilikaa sakafuni kama mtoto. Nimeshakata tiketi ya basi la kutoka Mbeya. Daktari alisema moyo wa Mama hauwezi barabara, basi yeye apite juu, mimi nije chini. Kuna dada wa hapa uwanjani atamsukuma kwa kiti cha magurudumu mpaka ndani.

Nilidhani Mama atakasirika. Amecheka, akavua rozari yake akanivalisha.

"Vaa wewe, mwanangu. Mwenye safari ndefu ni wewe."

Unajua hajaivua tangu tumzike Baba. Nimejaribu kumrudishia, amekataa. Upasuaji ni kesho asubuhi, na basi langu litafika kesho hiyohiyo jioni. Nenda kwa madaktari, Adolfu, uwabembeleze wanisubiri. Asiingie kwenye kile chumba shingo tupu kwa sababu yangu.

Dada yako mwenye miguu mizito,
Rozina